Kwa Nini Bahari ya Kati Haipwi na Vyombo Vyake Vina Macho

Kaeni vizuri, na anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana nikifika kwenye viatu sitaki kazi ya kumwamsha mtu.

Ninyi mmezaliwa penye maji yanayokupwa na kujaa. Mnajua saa ya kuokota kombe na saa ya kukimbia. Lakini kaskazini, mbali, baina ya nchi za Waarabu na nchi za Wazungu, iko bahari iliyozungukwa na nchi kavu, yenye mlango mmoja mwembamba upande wa magharibi. Huitwa Bahari ya Kati. Mtu wa kwetu akifika huko hushangaa: asubuhi maji yako kwenye ngazi fulani ya gati, jioni yako palepale. Na mashua za huko zimechorwa macho mawili mbele, kama watu. Hayo yote yana mwanzo wake.

Hapo kale bahari hiyo ilikupwa na kujaa kama hii yetu. Ilikuwa binti wa Bahari Kuu, ile iliyo nje ya mlango, na kila siku ilitoka kwenda kumwamkia mama yake, kisha ikarudi. Ikienda, maji yalikupwa, ikirudi, yalijaa. Bandari za siku hizo zilikuwa na midomo myembamba na miamba mikali, kwa hiyo vyombo viling'oa nanga na maji yanayotoka, vikarudi nyumbani na maji yanayoingia. Hakuna aliyethubutu kushindana nayo.

Katika bandari moja iliyoitwa Marsalina aliishi mwanamke jina lake Nunzia, mwoka mikate ya safari, ile migumu ambayo baharia huiloweka kwanza ndipo aitafune. Kila alipofungua tanuri, mkate wa kwanza aliutupa baharini, kama alivyofanya mama yake. Bahari ikamzoea, wakawa wanazungumza. Mumewe, Salvu, alikuwa baharia, na Nunzia alimpenda mapenzi ya kumtia mtu aibu. Salvu akiwepo, mikate iliungua. Akiwa safarini, mikate iliiva vizuri, na Nunzia akaichukia kwa kuiva kwake.

Watu wa Marsalina walikuwa na mila yao: baharia haagi. Kuaga, walisema, ni kuionyesha ajali mlango wa nyumba yako. Maji yakianza kupwa na nahodha akipiga mbiu, mtu alivua viatu, akaviweka kizingitini vikiwa vimeelekea ndani, akaenda zake pekupeku. Mke akivikuta hapo, amejua. Na viatu hivyo havikusogezwa mpaka mwenyewe arudi avivae. Nunzia aliolewa na mwanamume, lakini miaka mingi aliishi na viatu.

Basi zikaja habari kwamba merikebu ya kina Salvu ingetoka nje ya mlango wa magharibi, iingie Bahari Kuu, ambako hata wazee hawakujua kuna nini. Itaondoka kesho, watu walisema. Tangu alfajiri Nunzia alikuwa mbele ya tanuri, nje ya mji, akioka mikate ya safari hiyo huku machozi yakidondokea unga. Alasiri, maji yalipokuwa yamejaa hadi ngazi ya juu kabisa, alijitwika kapu lake ashuke nalo nyumbani. Miguu ikakataa. Ikampeleka mwisho wa gati, asitazame kushoto wala kulia.

"Mwenzangu," aliiambia bahari, "sijawahi kukuomba kitu."

"Hujawahi," bahari ilijibu.

"Nakuomba leo. Usipwe tena. Usipotoka wewe, hakuna atakayetoka. Niachie mume wangu azeekee kwangu."

"Na mama yangu je?"

 Nunzia alijua anachokiomba, msije mkasema hakujua. Lakini moyo ukishapenda una masikio ya nani?

"Mama yako yupo tu," alisema. "Mama hahami."

Wema hauozi, na bahari ilikuwa imekula mikate yake tangu yeye ni msichana. Ikaapa. Na kiapo cha bahari, wanangu, hakina pa kufungulia. Nunzia akalimwaga kapu zima majini, mikate yote ya safari, huku akicheka peke yake kama mwendawazimu, maana nani tena angeihitaji? Akapanda ngazi za mji akiimba.

Viatu vilikuwa mlangoni.

Karmela, dada yake Salvu, alikuwa ameketi kando ya viatu hivyo, hakuvigusa.

"Wifi, ulikuwa wapi? Upepo uligeuka, nahodha akaamua watoke na maji ya asubuhi. Kaka alisimama pale akiitazama njia ya tanuri hadi akafokewa."

"Na hakuja kuniambia?"

"Angekujaje, wifi? Si ingekuwa kuaga?" Kisha Karmela akasema polepole, "Ameondoka hata bila mkate."

Nunzia alishuka mbio hadi kwenye gati. "Toka!" aliilia bahari. "Toka, ukamrudishe!"

"Nimekwisha kuapa," bahari ilisema. "Ulifunga mlango, mwenzangu, hukutazama nani yuko nje. Wako yuko huko. Wangu naye yuko huko."

Wakalia wote wawili, na hakuna aliyemlaumu mwenzake tena.

Nunzia aliposimama, alikwenda kwenye tanuri lake akakomba masizi, akachukua na chokaa. Kama maji hayawezi tena kuvileta vyombo nyumbani, alisema, basi vyombo vyenyewe vione njia. Akachora macho kwenye kila mashua ya Marsalina. Kisha akaifuata pwani, bandari baada ya bandari: yenye mnara wa moto, yenye mnyororo mdomoni, yenye matao ya mawe ambamo mashua hulala. Kila alipofika aliuliza kwanza habari za Salvu, kisha akachora. Aliizunguka bahari yote mpaka nywele zikawa rangi ya chokaa yake. Salvu hakuonekana. Mwishowe alirudi Marsalina, akaketi kizingitini, karibu na viatu.

Na tangu siku hiyo Bahari ya Kati haipwi wala haijai. Siku hizi watu hupanda ndege kwenda kuzizuru bandari zile kongwe, wakala samaki, wakapiga picha mashua za fahari za matajiri, ambazo hazina macho na labda ndiyo sababu hazijui zinakokwenda. Zile za wavuvi macho zinayo bado. Mgeni hudhani zinamtazama yeye. Hazina habari naye. Zinatazama mdomo wa bandari.

Ukisimama kwenye gati la huko, utayaona maji yakijivuta nyuma kidogo, upana wa kiganja tu, halafu yakirudi. Ni bahari imemkumbuka mama yake, ikainuka iende, ikakumbuka kiapo. Na katika nyumba za mabaharia wa Marsalina, mtu akisafiri hata mwendo wa siku moja, hutoka na viatu vyake miguuni, na kabla ya kutoka humwamsha mkewe, hata kama amelala usingizi mtamu, akamwambia: naenda.