Dirisha Lisilo na Foleni

Wapendwa, kabla hatujasimama kuomba, kaeni kidogo na dada mmoja. Jina lake sitalitaja. La kaka yake pia sitalitaja, maana karibu kila nyumba humu ina jina la kuweka hapo.

Kaka huyo alizabwa kofi na baba yao mbele ya wakwe. Akachukua begi, akashuka stendi, asirudi. Ikapita miaka ishirini na mmoja. Baba akatangulia. Mama, macho yakiwa yamefifia, kila Jumamosi alipapasa njia mpaka uani, akaanika juani blanketi la kijivu la mwanawe, na jioni akalikunja. Hakusema kwa nini. Nani angemwuliza?

Dada ndiye aliyekuwa mtunza kumbukumbu wa ukoo. Alikuwa na madaftari: nani alizaliwa lini, nani alibatizwa wapi, nani kazikwa upande gani wa nani. Ukikosea mwaka wa msiba mbele yake, alikungoja umalize, kisha akakusahihisha polepole.

"Wewe na madaftari yako," mama yake alimtania. "Hata siku nitakayokufa utaangalia saa kwanza."

"Lazima mtu aandike, mama."

"Andika basi. Mimi ninachotaka ni sauti yake. Hata kwenye simu. Hata akinigombeza."

Ikafika habari kwamba wilayani imefunguliwa ofisi ya kutafuta ndugu waliopotea. Dada akaenda. Ofisi ilikuwa na madirisha mawili. Kwenye la kwanza foleni ilizunguka jengo. Karani akayaingiza maelezo yake kwenye kompyuta, akayatuma mji mkuu, kwenye mashine inayotunza orodha za nchi nzima.

"Hapa usisubiri, mama," karani akamwambia. "Mashine ya kule inatafuta yenyewe, kwa wakati wake. Hata umeme ukikatika hapa, kule kazi haisimami. Hii ndiyo namba ya ombi lako. Baada ya siku kumi njoo nayo dirisha la pili."

Dada akaikunja ile karatasi, akaihifadhi kwenye kopo la majani ya chai. Siku ya nane, akipekua madaftari, akashtuka. Alikuwa amesema kaka aliondoka mwezi wa sita. Kumbe ni wa saba, maharage yakiwa yameshavunwa. Sasa jibu la swali lenye kosa lina faida gani? Siku ya kumi akarudi wilayani, lakini hakwenda dirisha la pili. Alipanga foleni upya, akaandikisha ombi jipya, akapewa namba mpya.

Miezi miwili baadaye akakumbuka kwamba kovu la kaka yake liko juu ya jicho la kushoto, siyo la kulia kama alivyoandikisha. Foleni tena. Namba ya tatu.

"Wamesemaje?" mama aliuliza kila alipomsikia anavua viatu mlangoni.

"Bado, mama. Nimewawekea sawa lile la kovu."

"Kovu," mama akasema. "Kwani huko wamejaa wenye jina lake na jina la baba yako?"

 Dada aliona mama hajui kazi za ofisini zinavyotaka usahihi.

Mama alifariki kati ya namba ya tatu na namba ya nne. Dada aliandika: saa nne na robo asubuhi. Jumamosi iliyofuata akaanika blanketi yeye mwenyewe.

Mnadhani alikoma? Alihama kutoka kosa hadi kosa, mpaka kopo likawa na karatasi sita, kila moja na tarehe yake, zimepangwa vizuri kuliko nyaraka za ofisi yenyewe. Siku aliyokwenda kutafuta ya saba, mvua ikamkuta kwenye foleni. Akajibanza chini ya bati, upande wa dirisha la pili. Hapakuwa na mtu. Ndani binti mmoja alikuwa anafuma sweta.

"Shikamoo, mama. Una namba?"

"Marahaba. Ninazo sita."

"Sita?" Binti akaweka sindano chini.

"Zina makosa, mwanangu. Leo nimekuja na maelezo kamili."

"Nipe hivyo hivyo, mama. Huku huwa sipati mtu, nitamaliza hata soksi."

Dada akampa, kwa kumridhisha tu. Binti akaingiza namba ya kwanza. Jibu lilikuwa tayari tangu siku ya tisa, miaka miwili nyuma: seremala, mji fulani, safari ya saa tano kwa basi, na namba ya simu. Akaingiza ya pili. Seremala yule yule. Ya tatu, ya nne, mpaka ya sita. Mtu yule yule, mji ule ule, simu ile ile. Swali lilisahihishwa mara tano. Jibu halikubadilika hata mara moja.

Wakapiga palepale. Upande wa pili kulisikika randa ikikwangua mbao. Dada akataja jina lake. Randa ikanyamaza. Kaka akauliza swali moja tu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi:

"Mama yupo?"

Ndugu zangu, huyo dada alikosa nini? Upendo alikuwa nao. Bidii alikuwa nayo. Foleni aliipanga, jua na mvua. Kitu kimoja tu hakukifanya: hakurudi kuchukua.

Na sisi je? Tunaomba, tukifika nyumbani tunaona tumeomba vibaya, tunarudi kuanza upya. Tunamsahihishia Mungu mwezi na kovu, kana kwamba hajui tunamtaja nani. Wewe uliomba miaka mitatu upatane na shemeji yako. Jumapili iliyopita alikusalimu hapo mlangoni, ukaitikia ukiwa unatafuta ufunguo kwenye mkoba. Lile lilikuwa dirisha gani? Tunatoka pale tumenuna, tunapiga magoti, tunaomba upya tupatane.

Yule dada leo ana kaka. Blanketi la kijivu halianikwi tena. Likizo inapofika, kaka mwenyewe huja akajifunika. Lakini lile swali la kwenye simu, dada hajaliandika kwenye daftari lolote. Anasema hajui aliwekee tarehe gani.

Tusimame. Leo tusiombe jambo jipya. Kila mtu afumbe macho, aikumbuke namba yake ya kwanza.