Maziko ya Nungu

Paukwa!

—Pakawa!

Nani huyo anajibu huku anapiga miayo? Asogee karibu na moto. Paukwa!

—Pakawa!

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, Simba walitoka ng'ambo wakaitawala nchi ya wanyama. Walikizungushia kisima ua wa miiba, kisha wakamwambia Korongo, kiongozi wa sala, "Mtaje Simba katika dua." Korongo akakataa. Wakamfunga, akakataa. Wakamnyonyoa manyoya, akakataa.

Nyati akaongoza vita, Simba wakarudi kwao, wanyama wakacheza ngoma hadi miguu ikavimba. Nyati akawa mtawala. Akaiezeka nyumba ya sala kwa mabati mapya. Korongo alifurahi mno, akaanza kumtaja Nyati katika kila dua. Hakuamrishwa na yeyote. Alisema tu, "Huyu si wetu?"

Siku moja barazani, Nungu akauliza, "Mtukufu, ule ua wa Simba kisimani, mbona bado upo?" Akafungwa, na kifungoni akafa.

Nyati akatangaza, "Msaliti haombewi!"

Mjane wa Nungu akaenda kwa Korongo. "Baba, mume wangu anangoja dua."

"Mwanangu, subiri nizungumze na Mtukufu."

Jua likapanda. Mjane akarudi. "Baba, mume wangu anangoja dua."

"Mwanangu, Mtukufu ndiye aliyetuezekea."

Nzi wakaanza kujaa. Mjane akarudi, na safari hii hakuketi. "Baba, mume wangu anangoja dua. Simba walipokufunga, yeye ndiye aliyekuwa akikuletea chakula. Hakuuliza umekosa nini."

Korongo akaona haya. Hata mimi ninayesimulia naona haya. Akapanda juu ya nyumba ya sala, akayang'oa mabati kwa mdomo wake, moja baada ya jingine, akayapanga mlangoni kwa Nyati. Kisha akaenda kuzika.

Nyati akaja mbio, pembe mbele. Akakuta wanyama wote wamelizunguka kaburi. Korongo hakugeuka. Alisoma dua ile ile inayosomewa kila maiti, na mtawala hakumtaja.

"Amina!" wakaitikia.

"Korongo!" Nyati akafoka. "Unajua kwamba naweza kukufunga?"

"Najua, Mtukufu. Nimewahi kufungwa."

Nyati akalitazama kaburi. Akalitazama tena. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Na mimi nikifa, utaniombea?"

"Nitakuombea, Mtukufu. Kwa maneno haya haya. Sina mengine."

Hakuna aliyecheka. Mjane akamsogezea Nyati udongo kwa mguu.

"Tupia, Mtukufu. Sisi wote tumeshatupia."

Na Nyati, mbele ya wote, akainama.

Hadithi yangu naitua hapo. Mwenye usingizi akalale.