Nani Atamsindikiza Mashavu?

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanafagia nyua zao na kuombana moto, aliishi pimbi mmoja jina lake Mashavu. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo wa mawe, mnene, hana hata mkia wa kufukuzia nzi. Mashavu aliishi kwenye miamba ya nyika, mahali ambapo jua likiwaka mjusi husimama kwa zamu, mguu huu juu, mguu huu chini.

Zamani miamba ile ilijaa pimbi. Wakapungua mmoja mmoja. Wengine walichukuliwa na tai, mume wa Mashavu alikufa kwa homa, na dada yake, Mize, akaolewa mbali, juu ya mlima ule mrefu wenye kichwa cheupe. Kila asubuhi Mashavu alitoka mlangoni akaita, "Mmeamkaje?"

Miamba ikamjibu, "...aje?"

Basi. Hakuna mwingine. Upweke ni ugonjwa, wanangu, msimcheke.

Siku moja Mbayuwayu akapita. Prrr! Akatua kizingitini.

"Bi Mashavu, dada yako anakusalimu. Anasema, njoo ukae naye. Ila usije na nguo za jua! Huko ni baridi tupu. Ule weupe ni maji yaliyoganda. Ukiukanyaga, unauma nyayo kama kaa la moto."

"Hee! Maji nayo yanaganda?"

"Yanaganda, tena yanaanguka kutoka juu kama usufi."

Tangu hapo Mashavu hakutulia. Akaokota usufi, akashona blanketi nene, akalijaribu juani hadi akakaribia kuzimia. Akakausha majani na matunda. Kila asubuhi akatumbukiza miguu kwenye chemchemi, ajizoeze baridi. "Uwii! Uwii!" Meno yakagongana, ka-ka-ka-ka! Mwisho akaazimia kuhama na mafiga yake matatu. Alisema hawezi kupata usingizi penye moto wa mafiga ya wengine.

Lakini mzigo ukamshinda uzito. Na kati yake na mlima ulikuwepo uwanda mtupu, hauna jiwe wala kichaka cha kujificha, na juu yake tai wanazunguka. Pimbi akiuvuka peke yake hafiki.

Tena palikuwa na jambo jingine lililomkaa rohoni. Desturi ya nyika ni kwamba anayehama husindikizwa. Asiyesindikizwa, watu husema hakuwa na kwao.

Basi akapika chungu kizima, akawaita majirani zake wawili, Tembo na Fisi. Wakaja. Wakala. Fisi akalamba mpaka mwiko.

"Majirani zangu," akasema Mashavu, "ninahama. Ninakwenda mlimani kwa dada yangu. Nawaombeni mnisindikize."

Fisi akaacha kulamba. "Ningekuja, Bi Mashavu, ila mguu. Huoni ninavyochechemea?"

"Bwana Fisi, wewe unachechemea tangu uzaliwe."

"Ndiyo maana! Ugonjwa wa siku nyingi huo!"

Tembo akakohoa, vumbi likatimka. "Nami nimebanwa na shughuli. Lakini miamba yako usiitilie wasiwasi. Mgongo unaniwasha siku hizi. Nitakuwa nakuja kujikunia."

"Na chungu hiki?" akauliza Fisi. "Huko si utapata kingine? Na ule mkeka?"

"Mkeka wangu mimi," akasema Tembo.

"Wako wewe utaukalia vipi, na makalio hayo?"

Wakagawana nyumba, mwenyewe angali ameketi ndani. Hakuna aliyesema, "Tutakukumbuka." Mashavu akainama kama anayepuliza moto, kumbe anafuta machozi. Aliumia, wanangu. Aliumia kuliko siku aliyofiwa, maana siku ile alijua anayemlilia.

"Lakini hebu tuambie," akasema Fisi, "ule weupe kule juu ni nini? Mimi nasema ni mafuta. Nundu nzima ya mafuta!"

"Mlafi wewe!" Tembo akamkemea. "Ni chumvi ile. Chumvi tupu, mpaka kileleni."

Mashavu akainua uso. Machozi yakakauka pale pale.

Kesho yake akamwendea Fisi pangoni.

"Bwana Fisi, wewe una jicho kali. Mimi sisemi kitu. Ila dada yangu, tangu aende kule, amenenepa mpaka mlango haumtoshi."

Mate yakamtoka Fisi, churuu! "Nilijua! Nilijua mimi!"

"Tafadhali usimwambie Tembo."

"Tembo? Tembo yupi? Simjui!"

"Pole tu kwa mguu wako."

"Umepona!" Fisi akaruka, pu! pu! pu! "Nipe chungu nikubebee. Jirani ni jirani, bwana!"

Kutoka hapo akamwendea Tembo, akamkuta analamba udongo wa magadi.

"Bwana Tembo, wewe ni mwenye busara. Ule weupe, ukiutia ulimi siku moja, hutausahau maisha yako yote."

Hapo Mashavu hakudanganya hata kidogo.

Masikio ya Tembo yakasimama. "Kuna shughuli gani tena? Shughuli zinangoja! Panda mgongoni, Bi Mashavu. Mafiga yako yako wapi? Lakini Fisi asijue."

"Asijue."

Wakaondoka. Tembo mbele, tifu! tifu! tifu! Mashavu juu ya mgongo na blanketi lake, mafiga yamefungwa shingoni mwa Tembo, na Fisi nyuma na chungu kichwani, kila mmoja akidhani mwenzake anasindikiza tu. Tai wakashuka, wakaona pembe za Tembo, wakapanda tena. Mashavu akageuka kuitazama miamba yake. Ilikuwa ikififia, myekundu, midogo, na mlangoni hakuna mtu.

"Kumbe nimesindikizwa," akajisemea. Akataka kufurahi, furaha ikakataa.

Wakapanda mlima. Nyasi zikaisha, upepo ukaanza kukata.

"Mbona pua yangu siisikii?" akauliza Fisi.

"Ni dalili ya kukaribia," akajibu Mashavu ndani ya usufi wake.

"Mbona mkonga wangu unakakamaa?" akauliza Tembo.

"Karibu sana sasa."

Mara, weupe huo hapo mbele yao! Fisi akatupa chungu, kwaa! kikavunjika. Akajirusha mdomo wazi. Hap!

"Mafuta yan... Aaah! Ulimi! Ulimi wangu!" Akatema. "Maji! Ni maji haya!"

Tembo naye alikwisha kujaza mkonga. Sssp! Akatia kinywani. Akangoja ladha. Ladha haikuja. Ikaja chafya, chaaaf! Theluji ikamwagika juu ya Fisi.

"Kumbe wewe ulifuata chumvi!"

"Kumbe wewe ulifuata mafuta!"

Wakageuka wote wawili kumtafuta Mashavu. Naye alikwisha kuteleza mgongoni, yumo ndani ya ufa wa jiwe, macho tu yanaonekana.

"Toka!" Fisi akanguruma, meno yanagongana. "Tapeli mkubwa! Toka nikutafune!"

"Ngoja nje, Bwana Fisi. Ukiganda nitakuletea moto."

Fisi hakungoja. Akashuka mbio, miguu yote minne mizima.

Tembo akabaki. Hakuwa na hasira. Alikuwa na baridi, na kitu kingine.

"Bi Mashavu," akasema, "kwa nini umenifanyia hivi? Ungeniomba tu."

"Nilikuomba, Bwana Tembo."

"Lini?"

"Siku ile ulipokuwa ukiudai mkeka wangu."

Masikio ya Tembo yakaanguka. Akafungua mafiga shingoni, akayateremsha moja moja taratibu mbele ya ufa, akayapanga vizuri kama yanavyopangwa jikoni. Kisha akageuka akashuka. Tifu. Tifu. Tifu.

Mashavu akatoka. Juu kidogo aliona moshi wa nyumba ya Mize, lakini hakuufuata kwanza. Alisimama kwenye theluji na blanketi lake, nyayo zinamuuma, anamtazama Tembo akiwa mdogo, mdogo zaidi. Alitamani ageuke mara moja tu. Tembo aliona haya, hakugeuka.

"Kwaherini!" akaita.

Mlima ukamjibu, "...rini."

Akayaokota mafiga yake, akaanza kupanda kwa dada yake.

Hadithi yangu inaishia hapo penye baridi, nanyi mwende nalo hili: hila itakubebea mzigo hadi uendako, lakini haitakupungia mkono.