Kibuyu Kilichompita Nyemo

"Jino huota kabla ya mtoto." Mmesikia shangazi yenu akimwambia bwana harusi hivyo, mkacheka mpaka mkashikana mabega. Wa kwanza kucheka si ninyi, wajukuu zangu. Kaeni niwaambie neno hili lilikotoka, kisha mcheke mkiweza.

Palikuwa na bibi mmoja, Mazoya, mwenye ng'ombe wengi na ulimi mkali. Mwanawe Masinga alimwoa Nyemo. Nyemo aliposhika mimba, Mazoya akafuata mila: mjamzito asinywe maziwa, asile mayai wala nyama, ili mtoto awe mdogo na atoke bila shida. Nyemo akaishi kwa uji mwembamba wa uwele na mlenda usio na karanga. Kila asubuhi kibuyu cha maziwa kilimpita kwenda kwa wanaume. Walikunywa, Masinga akiwa mmoja wao, wakapangusa midomo. Wanaume wazima! Hakuna aliyeuliza Nyemo amekula nini.

Siku moja alirudi kutoka kliniki, akapiga goti mbele ya mama mkwe.

"Mama, muuguzi amesema ninywe maziwa. Meno ya mtoto yanajengwa sasa hivi, humu tumboni."

Mazoya akaangua kicheko. "Masinga! Njoo usikie maajabu ya mkeo! Eti jino huota kabla ya mtoto! Na ndevu je, mkamwana, hazijaanza?"

Masinga naye akacheka. Kesho yake kisimani, wanawake walimpokea Nyemo kwa maneno hayohayo: "Mama Meno, jino limefika wapi?" Tangu hapo akawa anachota maji peke yake.

Chiku alizaliwa mdogo, kama walivyotaka. Meno yake yalitoka na rangi ya kutu, laini kama chaki, na kabla hajajua kusema vizuri yalikuwa yamebaki visiki. Alilia akila, alilia asipokula. Shavu likavimba, usaha ukatoka.

Mazoya alimpenda mjukuu huyu kuliko ng'ombe wake wote. Akaanza kumletea maziwa asubuhi na jioni. "Kunywa, mke mwenzangu, upate meno." Chiku akapiga funda moja, akapiga yowe, akashika shavu.

Nyemo alikuwa mlangoni, mjamzito tena. Kibuyu kilikuwa kimempita tena.

"Hayo yamechelewa, mama," alisema.

"Basi nifanyeje, mwanangu? Niambie!"

"Nilikwambia."

Mazoya akalitazama tumbo lile. Lilikuwa limekwisha kushuka. Akachukua kibuyu, akampa kwa mikono miwili. Nyemo alikunywa mpaka tone la mwisho, machozi yakimtiririka, na hakushukuru.

Wiki ile ile akajifungua. Meno ya mtoto wa pili nayo yalitoka na rangi ya kutu, yakabaki visiki.

Mazoya alizeeka, meno yakamwisha. Ungepita pale ungemkuta na wajukuu wake wawili, wote watatu wakilamba uji wa bakuli moja kwa ufizi, na hakuna aliyethubutu kutania. Kila penye harusi alijikongoja mpaka kwa bwana harusi, akamshika mkono, akayarudia maneno aliyoyatoa kwa kicheko. Sasa aliyasema akilia:

"Jino huota kabla ya mtoto."