Naam za Ami Abdulqadir

Wahenga hawakusema kwamba akili ni mbaya. Walichokikataa ni ile akili ya kujionyesha, inayomfanya mtu aone haya kuuliza, aone udhia kusoma maelezo, na ashindwe hata kunyamaza pale kimya kinapohitajika. Mwenye akili ya namna hiyo hupoteza alichonacho yeye, kisha akapoteza na cha wenzake. Takaungu ilikuwa imezaa mtu mmoja tu wa aina hiyo, na kwa bahati mbaya alikuwa ami yake Ruqaiya.

Ruqaiya alikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule moja nje kidogo ya Kilifi, na baada ya Idi alikuwa anaolewa. Katika ukoo wao, ambao asili yake ni Pate, bi harusi hatiwi hina mpaka kwanza asomewe utenzi wa nyumba. Utenzi huo ulitungwa na mama yake Bi Hindu, naye Bi Hindu ndiye bibi mzaa baba wa Ruqaiya. Ulikuwa na beti mia moja na nne za kumwusia msichana anayetoka kwao: aishi vipi na mume, afanye nini akionewa, lini avumilie na lini afunge mizigo yake arudi. Haukupata kuandikwa hata ubeti mmoja. Bi Hindu alifunzwa kusoma msahafu, lakini kalamu hakushikishwa, kwa hivyo aliuweka utenzi wote kifuani, na kila bi harusi wa nyumba ile aliusikia kinywani mwake.

Sasa koo la Bi Hindu lilikuwa limeota uvimbe. Daktari wa Mombasa hakuzunguka. Alisema uvimbe utatolewa Alhamisi ya wiki ijayo, na kwamba huenda ukaondoka na sauti. Ruqaiya aliposikia hayo alihesabu siku. Harusi yake ilikuwa imebakiza miezi miwili.

Siku ya pili yake shuleni alimweleza mwenzake, Mwalimu Gladys, mzaliwa wa Kaloleni. Gladys alikuwa na kinasasauti kidogo, saizi ya kiberiti kirefu, alichokuwa akikitumia kunasa habari za mitishamba kutoka kwa mama yake mzazi.

"Usitumie simu," Gladys alisema. "Simu yako imejaa, na mtu akipiga katikati, imekatika. Chukua hiki. Kiweke karibu na kinywa cha bibi. Bonyeza hiki chekundu mara moja, taa iwake, itulie. Ikiwa inawaka na kuzimika, simama uangalie kuna nini. Mambo mengine ya ndani usiyaguse. Na wewe dada, usiitikie kwa sauti, mwitikie kwa kichwa. Halafu kila siku ukimaliza, lazima usikilize ulichonasa. Lazima!"

Jumapili Ruqaiya alifanya majaribio. Alikiweka kinasasauti juu ya mto, akabonyeza, akamwashiria bibi yake. Bi Hindu alikohoa, akatoa ubeti wa kwanza kwa sauti iliyokwisha kukwaruza:

*Mwanangu keti nikwambe,*
*upulike usitambe,*
*neno langu ulipambe,*
*moyoni ulihifadhi.*

Ruqaiya alisikiliza alichonasa. Kila neno lilikuwa mahali pake, mpaka pumzi za bibi zilisikika. Alicheka, akambusu Bi Hindu mkono. Kama mambo yangebaki hivyo, hadithi hii isingekuwapo.

Jumatatu, Ami Abdulqadir akawasili kutoka Malindi. Huyu alikuwa kitinda mimba wa Bi Hindu. Aliwahi kufanya kazi miezi minane katika duka la kompyuta, na tangu hapo hapakuwa na chombo chenye waya au betri ambacho hakukijua kuliko aliyekiunda. Redio ya jirani aliitengeneza ikanyamaza moja kwa moja. Feni ya msikitini aliisogeza kidogo tu, na mpaka leo haizunguki. Lakini yeye hajapata kukosea hata siku moja. Kila mara kosa ni la chombo.

"Shikamoo ami," Ruqaiya alimwamkia.

"Marahaba. Hebu nikione." Alikwisha kukichukua kinasasauti. "Nani aliyekupangia hivi? Hiki kinanasa kila kitu! Kuku, baiskeli, watoto wa jirani. Na mama akinyamaza kuvuta pumzi, chenyewe kinaendelea kunasa kimya. Huo si upotevu wa nafasi na betri?"

"Nafasi ipo tele, ami. Mwalimu Gladys ameniambia nisiguse—"

"Gladys? Mtu wa Kaloleni anifundishe mimi vyombo?" Alicheka, huku kidole gumba kikikimbia kwenye vitufe. "Kuna namna humu ya kukifanya kijiwashe kikisikia sauti na kijizime kukiwa kimya. Na uwezo wake wa kusikia naupunguza mpaka chini, kelele za nje zisiingie. Akili, mwanangu, akili!"

Ruqaiya alitazama miguu yake. Kwao ami ni baba. Humnyang'anyi kitu mkononi wala humwambii hujui. Hasira aliimeza, akaenda kumwekea bibi mto vizuri.

Ami Abdulqadir alikaa kitini, mguu juu ya mguu, kinasasauti amekishika karibu na mdomo wake mwenyewe kama mtangazaji. Bi Hindu, kitandani, akaanza tena ubeti wa kwanza. Alipomaliza, ami akaitikia kwa sauti ya kusikika barabarani:

"Naam, mama!"

"Ami, tuitikie kwa kichwa," Ruqaiya alinong'ona.

"Lahaula! Tangu lini mkubwa akasema, watu wakamtikisia vichwa kama mbuzi? Hiyo ndiyo adabu mnayowafunza watoto shuleni?" Akamgeukia mama yake. "Endelea mama. Naam!"

Basi ikawa hivyo. Ubeti, naam. Ubeti, naam. Alasiri ya Jumatatu, ya Jumanne na ya Jumatano, yule mama mgonjwa alikaa akijikamua koo, jasho likimtoka, akisimama kunywa maji ya vuguvugu na kuendelea, kwa kuwa alijua anaaga. Ilikuwa inatia uchungu kumtazama. Na kila alipofika mwisho wa ubeti, mwanawe alitia naam yake, akiwa ameridhika kabisa.

Jumanne Ruqaiya aliona jambo. Bibi alipokuwa akisema, ile taa nyekundu ilikuwa imezimika. Ami alipoitikia, iliwaka.

"Ami, hebu tazama taa. Inawaka wewe ukisema, bibi akisema inazima."

"Ndivyo kinavyofanya kazi."

"Basi tusikilize kidogo tu, tuhakikishe."

"Ukikisikiliza unakula betri! Ruqaiya, wewe ni mwalimu wa darasa la pili. Fundisha a, e, i, o, u. Haya niachie mimi."

Na kila jioni alikitia mfukoni mwa kanzu, akaondoka nacho kwenda kulala kwa rafiki yake. Loo! Ruqaiya alikumbuka maneno ya Gladys, lazima usikilize, lazima, akanyamaza kwa heshima. Hilo hakuja kujisamehe.

Alhamisi Bi Hindu alipasuliwa. Uvimbe ulitoka, uhai ukabaki, sauti ikaenda. Siku kumi baadaye alirudishwa nyumbani, shingo imezungushwa bendeji, macho yake yakiwa makali vilevile. Midomo yake ilicheza, hapakutoka kitu. Shangazi wakubwa walikusanyika chumbani na Ami Abdulqadir akakiweka kinasasauti juu ya meza kwa madaha.

"Sasa msikilize kazi ya mtaalamu," alisema, akabonyeza.

"Naam, mama!" kilisema kinasasauti. Kikakata kidogo. "Naam!" Kikakata. "Naam, mama. Ehee. Naam! Tangu lini mkubwa akasema, watu wakamtikisia vichwa kama mbuzi? Naam!"

Walisubiri. Ami alirukia Jumanne: naam, naam, naam. Akarukia Jumatano: naam. Alasiri tatu za mwanamke aliyekuwa akijikamua sauti yake ya mwisho, na kilichobaki kilikuwa dakika nne za mwanamume anayejiitikia mwenyewe. Bi Hindu alisikiliza yote. Halafu aligeuza uso wake ukutani.

Hapo ungetarajia mtu aombe radhi, au walau ainamishe kichwa. Wapi! Ami Abdulqadir alikohoa, akasema, "Hivi vyombo vya siku hizi ni vibovu. Nilijua tu. Na mama naye anasema chini chini mno. Lakini msiwe na wasiwasi, kuna namna ya kukisafisha chote ndani, kikaanza upya, na vilivyopotea vikarudi. Nipe."

Alinyoosha mkono. Ruqaiya aliuwahi. Alikinyakua kinasasauti, akakibana kifuani kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ambayo nyumba ile haijawahi kuisikia kwake:

"Hukigusi! Ami, utanisamehe, heshima yako leo naiweka kando, maana ndiyo iliyotufikisha hapa. Humu ndani umebaki ubeti mmoja wa bibi, mmoja tu, nilioushika mimi Jumapili kabla hujaja. Unataka kuusafisha nao? Nilikwambia taa inazima. Nilikwambia tusikilize. Nilikwambia tuitikie kwa kichwa. Kipi usichoambiwa? Na sasa unamtia makosani bibi, mgonjwa, kwamba alisema chini chini? Huoni haya?"

"Ruqaiya, unasema na ami yako—"

"Mwache aseme," shangazi mkubwa alidakia. "Ukweli anao yeye. Wewe kaa."

Akakaa.

Gladys alikuja kesho yake. Alikifungua kinasasauti, akatazama mipangilio, akaguna. "Hakijaharibika hata kidogo," alisema. "Kimefanya walivyokiambia. Wamekiambia kisikie kelele kubwa tu, nacho kikasikia kelele kubwa." Kwa dakika mbili alikirudisha kilivyokuwa. Ule ubeti wa Jumapili akaunakili mahali patatu.

Ndipo Ruqaiya alipopata wazo. Kila siku alipotoka shuleni alikaa kitandani kwa Bi Hindu, akaitazama midomo yake. Bibi alichezesha ubeti bila sauti, mjukuu akausoma kwenye midomo, akausema kwa sauti yake mbele ya kinasasauti. Ukiwa sawa, Bi Hindu aligonga ubao wa kitanda mara moja kwa kidole. Ukiwa si sawa, aligonga mara mbili, wakarudia. Na kila walipomaliza, walisikiliza. Hakuna siku waliyoiruka.

Lakini midomo mitupu haiwezi kubeba kila kitu. Beti za mwanzo, ambazo Ruqaiya alikuwa amezisikia kwenye harusi za binamu zake kabla wasichana hawajatolewa chumbani, aliweza kuzikamata. Zile nyingine zilikuwa na maneno ya Kipate cha zamani ambayo hakuwahi kuyasikia, na hapo kidole kiligonga mbili, mbili, mbili, mpaka mama wa watu akachoka, machozi yakimtoka kwa ghadhabu. Pamoja na ule wa Jumapili, walipata beti thelathini na saba. Shangazi walikumbuka vipande tu vya zilizobaki, si ubeti mzima hata mmoja. Sitini na saba ziko tu kichwani mwa Bi Hindu, na huko hakuna mlango.

Siku ya hina ilifika. Ruqaiya aliketi mkekani, viganja vyote viwili wazi vikisubiri hina, wanawake wamejaa chumbani, Bi Hindu kitandani mwake ubavuni. Gladys ndiye aliyebonyeza. Kwanza ikatoka sauti ya Bi Hindu mwenyewe: *Mwanangu keti nikwambe, upulike usitambe.* Chumba kizima kililia. Kisha ikafuata sauti ya Ruqaiya, bi harusi anajiusia mwenyewe, na baada ya kila ubeti ngo! ya kidole cha bibi yake. Walifika wa thelathini na saba, kikanyamaza. Wanawake wazima waliosomewa utenzi ule walipoolewa walijua umekatikia wapi. Uliishia kwenye mlango wa beti za kuonewa, na Ruqaiya anaingia nyumba ya watu bila kuzisikia. Walitazamana.

Hapo dirishani ikasikika sauti yenye furaha.

"Sauti ni ndogo hiyo! Hicho mngekiunganisha na spika. Ngojeni niingie, kuna akili moja naijua—"

Shangazi mkubwa aliinuka kwenda kufunga dirisha, lakini alikuwa amechelewa. Bi Hindu alikwisha kujibu. Alinyoosha kidole chake chembamba, akaugonga ubao wa kitanda kwa nguvu zake zote, mara mbili.

Hakika, akili nyingi huondoa maarifa.