Koti la Eliamani na Sanduku la Kutuliza Umeme

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii inakwenda polepole, na haina mahali pa kuchekea sana. Ikifika mwisho itawahitaji.

Katika mji mmoja wa Upareni walikuwapo wanaume watatu. Zefania, mchuuzi, alijaliwa ulimi: akisema mvua inakuja, watu walianua nguo kabla ya kutazama juu. Mgonja, fundi redio, alijaliwa sikio: alijua waya uliolegea kabla hajafungua kifuniko. Mbwambo, mwenye mashine ya kusaga, hakuwa na ulimi, na masikio yake yalikwisha kuzibwa na mashine. Yeye alijaliwa moyo usioweza kumkatalia mtu.

Na alikuwapo Nakijwa, mjane. Mwanawe wa pekee, Eliamani, mpiga gitaa wa kwaya, alifukiwa na mgodi, akarudishwa nyumbani katika jeneza lililopigwa misumari. Mama hakuonyeshwa uso. Mungu alitoa, Mungu akatwaa. Nakijwa aliyasema maneno hayo kila asubuhi, na kila asubuhi yalikuwa mazito kuliko jana.

Kilichobaki ni kaseti. Eliamani aliirekodi kabla ya kuondoka: wimbo mmoja wa kanisani, kisha maneno machache. Baada ya mazishi Nakijwa aliipiga. Redio yake kubwa, iliyotumia umeme tu, ndiyo pekee mtaani iliyokuwa bado inapiga kaseti. Ikavuma vuuu, kama mzinga wa nyuki, na ndani ya mvumo mwanawe aliimba kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto uliofurika. Wimbo ulipokwisha alisema jambo. Mama hakulipata. Akaifungia kaseti sandukuni, akaweka Biblia juu yake, akaapa kutoigusa tena maadamu mvumo upo.

Sasa, ukoo ule una desturi yake. Siku ya kuanua matanga nguo za marehemu hugawiwa, lakini koti huvishwa mtu. Anayevishwa huingia mahali pa marehemu: atamwita mama yule mama, atamwezekea nyumba, na siku ya mama ikifika ndiye atakayetupa udongo wa kwanza. Koti likikosa mtu kabla ya sala ya kufunga, huzikwa, na mama huhesabiwa hana mtoto duniani.

Eliamani hakuwa na ndugu. Nakijwa akasema mbele ya watu, "Nitamvisha yule atakayenisikilizisha mwanangu. Asiyetafuta sauti yake atakaaje mahali pake?"

Siku ikafika. Zefania alikuja mapema na kisanduku cheusi chenye taa nyekundu.

"Mama, hiki ni kituliza umeme," alisema. "Umeme wetu ni mchafu. Unachomeka hiki pembeni ya redio, uchafu wote unabaki humu. Toa kaseti."

"Nimeapa sitaitoa."

"Mama, mtoto anakuita, nawe umemfungia sandukuni?"

Maneno hayo yalimkata. Nakijwa aliinua Biblia, akaibusu, akafungua sanduku. Tangu msiba hakuna aliyeweza kumfanya afungue, hata mchungaji.

Mgonja alikuwa mlangoni, akacheka kwa uchungu. "Umeme mchafu! Ni maji ya mferejini hayo, Zefania? Umeyachuja kwa kitambaa?"

"Wewe endelea kulamba betri," Zefania akajibu. "Mambo haya yamekupita."

Mgonja hakubishana zaidi. Alizunguka nyuma ya nyumba, akachimbia chuma mahali penye unyevu, akavuta waya hadi kwenye mgongo wa redio, ili umeme unaovuja ushuke ardhini. Mikono yake ilichubuka, akaendelea.

Mbwambo naye alikuwa kazini upande wa pili wa ukuta, mashine yake ikinguruma kwa umeme wa laini ileile ya nyumba ya mjane. Hakuna aliyemwita. Alipoona watu wanaingia na Biblia, aliikumbuka ahadi ya mjane, akazima.

"We Mbwambo!" wanawake waliopanga foleni wakapiga kelele. "Watoto wetu watakula mahindi mabichi?"

"Nisameheni, mama zangu. Kuna mtu anataka kumsikia mtoto wake."

Wakabeba ndoo zao, wakaenda kwa msagaji mwingine, na wengi hawakurudi tena kwake.

Zefania alikuwa amekwisha kuchomeka kisanduku chake. Hayo matatu yalitendeka kwa pamoja, na hakuna ambaye angeweza kusema lipi litasaidia. Nakijwa akabonyeza.

Mvumo haukuwapo.

Eliamani aliimba. Mama alisikia kidole kikiteleza juu ya waya wa gitaa, akasikia hata pumzi, pumzi ya mtu aliye hai. Aliishika redio kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto anayeogeshwa. Wimbo ukaisha. Kijana akacheka kidogo, akasema, "Mama, nikirudi..."

"Mmeona!" Zefania akaruka. "Kituliza umeme hicho!"

"Kituliza gani?" Mgonja akabonyeza kusimamisha. "Mama, nisamehe, lakini mwongo hatavaa koti hili." Akakichomoa kisanduku, akakifungua kwa bisibisi mbele ya wote. Ndani mlikuwa na mchanga, na nyaya mbili za kuwashia taa.

"Ni mchanga maalumu," Zefania akasema, lakini sauti ilikwisha kumshuka. Kisha akakaza shingo. "Rudisha nyuma basi! Piga bila hicho, tuone!"

"Na mashine yangu?" Mbwambo, aliyekuwa amekuja kusikiliza, akauliza kwa upole. "Niliizima. Kama ni haki, ngoja niiwashe, mpime yote."

Nakijwa alitaka kusema acheni. Mdomo ulikataa.

Mbwambo akatoka, Mgonja akarudisha mkanda. Ng'ambo ya ukuta mashine ikashtuka, taa zikafifia, redio ikakwama, kisha ikavuta kwa nguvu. Mkanda ukamezwa. Walipouchomoa ulikuwa umekunjamana na kukatika vipande, na unga wake wa kahawia umebaki vidoleni mwa fundi.

Mgonja aliitazama mikono yake, akalia kama mtoto.

Nikirudi, nini? Hata leo hakuna ajuaye.

Jua lilikuwa linashuka. Mzee Kiangi, mkubwa wa ukoo, akasema, "Shemeji, sala inasubiri. Koti."

Zefania alisema, "Nimedanganya. Lakini bila uongo wangu kaseti ingekuwa sandukuni, na usingemsikia kabisa."

Mgonja alisema, "Nilifanya kazi ya kweli, na ukweli wangu ndio uliokunyima neno lake. Sina la kudai. Ila nilichimba."

Mbwambo alisema, "Mimi nilinyamazisha tu. Kisha nikawasha."

Nakijwa alisimama na koti mkononi. Lilikuwa bado na harufu ya mwanawe kwenye ukosi, nayo ilikuwa inakwisha. Alijua kwamba wimbo alipewa na hao watatu, na kwamba neno lilichukuliwa na hao hao, naye alikuwapo akanyamaza. Aliomba, na jibu halikumshukia kutoka mbinguni. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akitafuta atakayemzika.

Watu wamekwisha inamisha vichwa. Sala inakaribia kuanza, na shimo dogo la koti limechimbwa uani, liko wazi.

Ninyi mliosikiliza, lau koti lingekuwa mikononi mwenu, mngemvisha nani? Au mngeliacha lizikwe?