Chuo Kisichohitimisha Watoto

Inasimuliwa kwamba katika zama za kale, katika mji mmoja wa bara uliozungukwa na ukuta wa udongo, palikuwa na mwalimu mchamungu wa chuo cha Kurani akiitwa Shehe Yaqdhani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Katika mji ule hapakuwa na furaha iliyoshinda ya mtoto kuhitimu msahafu. Alivikwa kilemba, akapigiwa dufu, akaketishwa barazani pamoja na wazee, na kila mtu akamwita mtu mzima.

Ikawa mtawala wa mji, Amiri Ghadhanfari, akaingia vitani na jirani yake kwa ajili ya visima. Vita vikala watu. Wanaume walipopungua, akatangaza kwamba kila mvulana atakayehitimu atachukuliwa kasrini kuongezewa elimu. Wazazi wakafurahi mno. Lakini walimu wa vyuo aliwaita faraghani, akawaambia jambo jingine: watoto wale watakwenda jeshini, na mwalimu atakayefungua kinywa, shingo yake ndiyo itakayolipa.

Subhanallah! Ndugu zangu, mtu anakichukua Kitabu cha Mola wake, anakifanya mlango wa machinjioni! Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwarudisha nyumbani wavulana waliojipanga safuni kwa hamu yao wenyewe. Amiri alilijua hilo, kwa kuwa alisoma.

Shehe Yaqdhani alikuwamo katika kikao kile cha faragha. Tangu siku ile chuo chake kikaacha kuhitimisha. Mtoto akibakisha ukurasa wa mwisho, Shehe humwambia, "Rudi mwanzo, mwanangu. Kurudia nako ni ibada." Watu wakamcheka sokoni, wakisema punda wake atahitimu kabla ya watoto wao. Akavumilia, maskini, akidhani uvumilivu wake unatosha.

Palikuwa na muuza ngozi mmoja, Mughira, mwenye mtoto aitwaye Sabiti, mwanafunzi wa Shehe. Mtoto alikuwa na akili nyepesi, na baba alikuwa na pupa. Alipochoka kungoja, akamleta msomaji mwingine nyumbani, na Sabiti akahitimu. Dufu likapigwa mtaa mzima. Wageni wangali wanakula, askari wa Amiri wakabisha hodi, wakampa Mughira mkono wa hongera. Naye, kwa furaha yake, akamshika mwanawe begani na kumkabidhi yeye mwenyewe.

Asubuhi yake mama mtu, Bibi Jauhara, akafunga nguo za kubadilisha na vitumbua, akaenda nazo kasrini. Bawabu akamtazama kwa huruma.

"Mama, hapa hapasomwi. Watoto wako kambini, nyuma ya kilima."

Bibi Jauhara hakurudi kwa mumewe. Alikwenda moja kwa moja chuoni, kichwa wazi, ukaya umemwanguka njiani asijue.

"Shehe, wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ulijua, ukanyamaza? Ukatuacha tukucheke, na huku wanetu wanachukuliwa?"

Shehe aliona waziwazi kwamba alikuwa amewaficha wa chuo chake na kuwaacha wa wenzake, na hofu ya shingo yake ameiita subira. Akasema, "Astaghfirullah," akatwaa bakora yake, wakaenda kambini pamoja.

Wakamkuta Amiri mbele ya hema lake, walinzi waliorudi jana kutoka lindo la mbali wamemzunguka. Aliposikia shida yao, alitabasamu na kumwinamia Shehe sikioni.

"Wewe ni mtu wa heshima. Sema tu kwamba mtoto huyu hakuhitimu sawasawa, nami nitamrudisha kwa mama yake sasa hivi. Wengine tuachie."

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Neno moja la uongo, na mtoto angekuwa mikononi mwa mamaye. Bibi Jauhara alikuwa akimtazama Shehe usoni. Nani kati yetu asingelisema?

Shehe akapaza sauti mpaka walinzi wote wakasikia. "Amehitimu, Bwana Amiri, na kusoma kwake ni safi. Tena chuoni kwangu wamo wengine ambao wangekuwa wamehitimu zamani. Niliwazuia mimi, kwa kuwa nilijua unawapeleka wapi. Amehitimu, na bado ni mtoto. Mwite umuulize."

Bibi Jauhara akapiga ukelele. Amiri alikasirika, lakini walinzi walikuwa wakitazamana, ikambidi amwite. Sabiti akaja na kilemba chake cha karamu, ngao aliyopewa inaburuza mchangani. Akaamkia kwa adabu kama alivyofunzwa.

"Kesho unakwenda vitani?" Amiri akamuuliza.

"Ndiyo, Bwana."

"Kufanya nini?"

"Kukimbia mbele, Bwana. Wametuambia tukimbie sana, adui apige mishale, ili wakubwa wajue inatokea wapi." Akafikiri kidogo. "Waliotutangulia hawakukimbia vizuri. Mimi najua kukimbia."

Kisha mlinzi mmoja aliyesimama kulia kwa Amiri, mtu mzima mwenye mvi ndevuni, akaweka mkuki wake chini.

"Bwana Amiri," akasema, "mwanangu Labidi alihitimu mwaka jana. Uliniambia yuko kasrini, anasoma. Yuko wapi?"

Mlinzi wa pili akaweka mkuki chini, akamuulizia mwanawe kwa jina. Kisha wa tatu. Majina yakaendelea kutajwa, na Amiri akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo wake ukagusa hema.

Vita vile viliisha siku ile, kwa kuwa hapakuwa na wa kuvipigana. Bibi Jauhara alirudi na mwanawe. Wazazi wengi hawakurudi na mtu, na Shehe Yaqdhani aliishi akiwaombea msamaha wazazi wale, na kuwaomba wao wamsamehe.

Basi, ndugu yangu, ukijua kwamba mtoto yuko hatarini, sema. Usimfiche wako ukadhani umemaliza. Kesho mbele ya Mola wetu kila mmoja ataulizwa alichokijua, na watoto wale watakuwa wamesimama pale, wanasikiliza atakavyojibu.